Daftari la Mabehewa

Nyuma ya daftari la kazi, nikiligeuza juu chini
ili msimamizi asione,
naandika maneno ya Milembe.
Mbele: namba za mabehewa, saa, breki, mzigo.
Nyuma: mtu wa miaka minne na robo.
Hiyo robo kaidai mwenyewe.

Jumatatu ananipapasa kichwa, kimya, kama daktari.
"Baba, nywele zako zilishukia kituo gani?"
Sijui, nikasema, labda Urambo.
"Hizi zilipitiliza," akasema,
akavuta zilizoota sikioni.

Bibi yake katuletea michembe kutoka Sikonge, mfuko mzima.
Milembe akachagua kipande, akakigeuza juani,
akakisogeza karibu na shavu la bibi, akapima.
Nikamwahi. Nikamvuta chemba, nikamwonya:
maneno mengine hukaa mdomoni, mwanangu, hayatoki nje.
Akaelewa. Akarudi kwa adabu zote, akapiga goti:
"Bibi, baba amesema nisikwambie
unafanana na michembe."

Tangu siku hiyo mama mkwe
ananisalimia kupitia kwa jirani.

Siku nyingine, chupa ya asali kifuani,
utamu umempanda hadi kwenye nyusi:
"Nyuki wanalipwa shilingi ngapi?"
Hawalipwi kitu.
Akalamba kidole kile anachotumia kuwazia.
"Ndiyo maana wanauma.
Hata wewe, mwezi ukiisha na..."
Iliyobaki sikuiandika.
Daftari ni langu, na heshima pia ni yangu.

Lakini usiku ule wa Machi nimeuandika wote.

Mama yake alikuwa anakwenda Kigoma, Mwanga,
kumuuguza dada yake.
Treni ya kutoka Dar iliingia imechelewa, ndefu, imechoka,
tukampandisha na kapu lake, tukampungia dirishani.
Kisha nikashuka relini na taa yangu,
nikafanya ninachofanya miaka kumi na moja sasa hapa Tabora:
nikafungua kiungo,
hawa wa Mwanza, hawa wa Kigoma.
Sikujua kuna mtu juu ya benchi
ananitazama kama mchinjaji.

"Umelikata."
Ndiyo, mama.
"Limelia."
Ile ni honi.
Akanyamaza mpaka tukavuka reli, mpaka Isevya, mpaka mlangoni.
"Mama kaenda Kigoma mzima, au nusu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Na kitandani, macho kayafumba kwa nguvu:
"Mungu, mlinde mama wa Kigoma.
Na kama kuna kipande kilikwenda Mwanza,
kipe shuka."

Siku kumi na tisa.
Simu ikipigwa anaisikiliza, ananirudishia.
"Hii ni sauti tu. Miguu iko wapi?"
Nikamweleza habari za viungo, za mabehewa, za watu kukaa ndani;
nikachora kwa mkaa sakafuni, behewa na mama ndani yake.
Akatazama mchoro wangu kwa huruma.
"Baba, umesahau kumchora shingo."

Alfajiri ile treni ilipoingia kutoka Kigoma,
mama akashuka, kapu linanuka migebuka,
akapanua mikono.
Milembe hakukimbia.
Akamzunguka taratibu, kama ninavyozunguka behewa,
akamgonga goti kwa kijiko alichotoka nacho nyumbani,
akasikiliza mlio.
Akainua khanga, akahesabu miguu: miwili.
Akahesabu vidole, akakosea, akaanza upya.
Abiria wakasubiri na mizigo yao kichwani.

"Kuna nini?" mke wangu akaniuliza.
Nitaanzia wapi?

Milembe akanigeukia, fundi kwa fundi:
"Wamemuunga vizuri, baba.
Hata mshono hauonekani."

Hapo ndipo breki zake zikakatika,
na kijiko kikaangukia relini,
na mpaka leo sijakipata.