Betri Nambari Tatu

Shivachi, kabla hujaigusa ile miguu mitatu
njoo kwanza mezani, uzione.
Nne. Nimeziandika mgongoni kwa kalamu ya rangi:
nambari, mwezi, mwaka wa kununuliwa,
maana betri haioti mvi
na usoni hutaujua umri wake.

Ya kwanza ni ya nikeli, ya mashine ile kuukuu,
nzito kama jiwe la kusagia, haina makuu,
ila ukiiweka kabatini mwezi mzima
utaikuta imelala njaa.
Ya pili na ya nne ni za lithiamu, nyepesi, zina kiburi:
hazitaki kukamuliwa hadi tone la mwisho,
wala kushibishwa kisha zikasahauliwa.
Ukienda likizo ziache nusu tumbo,
mahali penye ubaridi, si chini ya bati,
wala si kwenye dashibodi ya pikapu.
Jua la saa saba la hapa Malava likipenya kioo
huiumua betri kama andazi.

Ya tatu usiiguse. Ngoja.

Lilikuwa shamba la marehemu Lumbasi, kando ya Lusumu.
Wanawe, Wetende na Mukhwana,
walikuwa wamenuniana miaka kumi na mmoja
juu ya mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona.
Chifu alikuja. Shangazi zao walikuja na viti vyao.
Watoto walipanda kichuguu
kumtazama mama anayefumba jicho moja kwa mshahara.

Nami nilikuwa nimenunua betri ya bei ya kutupa
kwa kijana mmoja wa Kondele,
jina la kampuni limekosa herufi moja.
Herufi moja tu, Shivachi.
Usiku nikaichaji kwa kinyozi
kwa chaja ya mashine nyingine, kwa vile tundu lilikubali.
Taa ikawa kijani.
Nikalala.

Jiwe la kwanza nikalisoma. La pili. La tatu.
Nikaigeuza darubini kulitafuta la nne,
Muliro kasimama na prizimu kwenye mahindi,
na kioo kikafumba
kama jicho la kuku, kutoka chini.

Ya akiba? Ofisini,
imechomekwa ukutani tangu Ijumaa,
inalishwa na imeshiba.

Wetende akacheka: “Amelipwa huyu.”
Mukhwana naye akauliza, “Na nani?”
na panga lake la kufyekea njia
likaacha kufyeka.

Nikaichomoa. Nikaisugua meno yake ya shaba
kwa upindo wa leso, nikaitia kwapani
kama mtoto mwenye homa, mbele ya chifu,
nikahesabu hadi mia tatu.
Ikaamka. Nusu dakika, labda pungufu.
Pembe moja, umbali mmoja,
nikauandika kwa penseli kabla haijakata roho.
Nikawaambia: leo sifungi. Kesho alfajiri.
Shangazi mkubwa akakunja kiti chake bila kuniaga.

Asubuhi nilirudi na ya nne, imelala mfukoni mwangu
karibu na ubavu, kwa ule umande.
Jiwe la nne nikalisoma mara mbili,
nikafungua daftari, nikalisoma tena.
Hatua tatu na nusu.
Muliro akainama, akanyanyua udongo:
mbichi, na mzizi mweupe wa mahindi umekatika.

Ndugu wale wawili walilitazama lile jiwe
kisha, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja,
wakatazamana.
Nani alilisogeza, mpaka leo sijui.
Mashine hupima mawe tu.

Kwa hiyo ya tatu siitupi. Wala siiamini.
Siichaji tena; ubavu wake umeanza kuvimba, ona,
nitaipeleka kwa wale wanaozika taka za sumu
wiki hii, au ijayo.
Nimesema hivyo tangu Machi.

Haya, leta chaja. Si hiyo.
Yenye herufi zote.