Kipande Namba 312

Gari lilikuja kwenye makopo.
Chasisi ilitangulia, imefungwa kamba juu ya trela ya ng'ombe,
nyuma yake makopo ya nyama mia na ushei,
kila moja limejaa skrubu, springi, nati, vidude,
na hakuna hata moja lililoandikwa.
"Olegario alikuwa anakumbuka yote," mjane wake aliniambia,
akihesabu pesa. "Alisema kichwa chake ndicho daftari."
Daftari lilizikwa Machi, mvua ikinyesha.
Mji mzima ulimwita Fundi Kufungua.

Mimi nilikuwa fundi wa meno, miaka thelathini na mmoja.
Nimechonga magego ya nusu ya watu hapa kando ya mto Uruguay,
na jambo moja nalijua: kitu kilichotumika hakiwezi kunyamaza.
Jino husema lilikuwa likitafuna upande gani.
Basi chuma nacho kiseme.

Nikatandika shuka za kitanda sakafuni mwa gereji.
Nikalowesha, nikasugua kwa mswaki na mafuta ya taa,
nikahesabu hesi za kila bolti kwa ukucha,
nikanusa. Ndiyo, nikanusa:
cha breki hunuka uchachu,
cha gia hunuka samaki wa juzi.
Chenye masizi kilikaa jirani na moto.
Chenye kijani ukingoni kilikuwa kikichungulia nje ya bodi.
Bushi mbili zilizolika mshazari mmoja
ni ndugu; nikazilaza pamoja.
Kila nilichokitambua nilikifunga kikaratasi kwa uzi wa meno,
jina na namba.

Hadi 312. Namba kikapata, jina kikakosa.

Shaba. Urefu wa kidole cha mwisho.
Meno saba, na pengo moja la makusudi,
na ubavuni bonde dogo linalong'aa kama kijiko.
Ledesma wa karakana akasema: cha dinamo.
Mwanawe akasema: cha wipa, baba, huoni?
Walikaribia kununiana.
Nikakitengenezea nakala ya plasta,
nikatambaa nayo chini ya injini
kama anayejaribisha taji
kwenye kinywa kisicho na pengo.

Agosti injini ikakohoa, ikapiga chafya,
ikashika. Gari zima! Likanguruma
hadi mbwa wa jirani akaingia uvunguni.
Na 312 bado kiganjani mwangu, hakidaiwi na mtu.
Heri kipande kupungua kuliko kuzidi:
kikipungua unalaumu gari,
kikizidi hulali.

Shangazi Nélida alikuja Jumapili apelekwe matembezini,
miaka themanini na tisa, midomo imepakwa rangi.
Akakiona rafuni. Hakuuliza.
Alikichukua, na kidole gumba kikaenda chenyewe
kikalala ndani ya lile bonde,
kikatosha.

"Nani aliiba hiki?"

Ni cha mashine ya kufunga makopo, laini ya pili, pale kiwandani,
aliposimama miaka kumi na tisa akikisukuma,
akikisukuma,
hadi asubuhi moja ya wiki ya mgomo
mashine ilipokataa, na mabwana wakapekua mji:
mikoba, mabanda ya kuku, hata keki ya harusi ya mtu.
Walifika kwa Olegario, fundi wa zamu.
Wakamkuta amekaa sakafuni
katikati ya gari lake alilolifumua usiku kucha,
gari zima, vipande elfu na kitu,
akifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, taratibu.
Wakatazama.
Wakatazamana.
Wakaenda zao.

Nami nilimcheka, miaka yote ile.
Nilimcheka hata nikiwa na koleo mdomoni mwake.

"Na mkashinda?"

Shangazi alifungua mlango wa mbele,
akakaa, akanyoosha sketi, akanipa kipande changu.
"Senti nne kwa saa," akasema.
"Washa."