Andika Ulichokiona

Mkufunzi alitoka Mombasa na karatasi za rangi ya ndimu,
akatuketisha wasimamizi kumi na wanne
katika ukumbi ulio nyuma ya benki, feni moja, nayo mbovu.
"Macho. Ulimi. Mwendo. Harufu," akasema,
"na saa. Msisahau kuandika saa."

Mimi nasimamia chumba cha kufulia,
hoteli hapa Malindi, mashuka mia tatu kwa siku,
na rola: chuma cha moto kisichojua jina la mtu.

"Usiandike amelewa. Wewe si daktari.
Huenda ni unga, huenda ni mnazi,
huenda sukari imeshuka, au kuna msiba nyumbani.
Andika ulichokiona."

Nikaikumbuka fomu ya Mwarandu, mwaka juzi.
Alisinzia wima, shuka mkononi,
nami nikamgusa bega: "Amka, meneja anakuja."
Nikadhani nimemsitiri.
Vidole vilipoingia, niliandika: aliteleza.
Sakafu ilikuwa kavu.

Alhamisi, Tsofa yuko mbele ya rola.
Tsofa aliyenifunza kukunja pembe za shuka
zikae kama bahasha.
Kidevu kifuani. Anajikuna shavu polepole,
kama anayetafuta kitu alichokisahau chini ya ngozi.
Nikamwita. Nikamwita.
Mara ya tatu akasema, "Niko."

Sikumuuliza yuko wapi.
Nikabonyeza kitufe chekundu.
Kimya kikaingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikamchukua Kadzo awe jicho la pili,
tukamtoa Tsofa hadi kwenye benchi la nyuma,
mlango tukaurudisha, macho ya wenzake yabaki ndani.

"Wanifukuza, Jumwa?"
"Nakutoa kwenye moto."
"Nina watoto."
"Najua."
Ufunguo wa pikipiki alinipa mwenyewe,
baada ya muda.

Tukingoja tuktuk ya kwenda kliniki, nikajaza:
kidevu kifuani; ameitwa mara tatu; saa mbili na robo.
Kadzo akatia sahihi.
Kalamu haikutaka kufungwa.

Maana niliona mengine.
Niliona shati lilivyoanza kumpwaya.
Niliona anavyokopa kwa kila mtu, shilingi hamsini, hamsini,
na kila jioni nikasema: kesho nitazungumza naye.

Fomu haina mstari wa hayo.
Nikaigeuza, nikaandika nyuma, jina langu juu:
msimamizi aliona, akanyamaza.
Saa: tangu mvua za Mei.