Mpakato

Mbelwa ameandika ombi la manunuzi, ukurasa mmoja:
mpakato zote za ofisi ziongezwe kasi,
zilingane na kompyuta ya mezani.
Kanipa nisaini.
Kalamu imenikauka mkononi,
si kwa ubishi, kwa kukumbuka.

Ofisini kwetu, Barabara ya Kumi na Nne,
juu ya fundi cherehani,
ile ya mezani tumeibandika jina: Meneja.
Haitoki, haitumwi, ina feni tatu kifuani,
na chini ya mguu mmoja tumeiwekea kigae isiyumbe.
Picha mia sita za droni, mashamba ya Pongwe,
Meneja anazishona zikawa ramani
chai yangu haijapoa.
Mpakato wangu, picha zilezile:
nimekunywa chai, nimeosha kikombe,
nimeshuka kwa fundi tukazozana juu ya pindo la gauni,
nimerudi.
Asilimia tisa.

Na prosesa, ukisoma kwenye boksi, ni za ukoo mmoja.
Viini vinane huku, viini vinane kule.
Basi kinachomchelewesha huyu ni nini?
Niliuliza hivyo mpaka Jumatano ile ya Februari,
umeme ulipokatika kuanzia Barabara ya Nane hadi ya Ishirini
na Meneja, akiwa asilimia tisini na moja,
akazimika bila kuaga,
kama wakubwa wanavyotoka kikaoni.

Ramani inatakiwa kesho saa tatu.
Nikabeba mpakato, nikapanda bodaboda
mpaka Mwakidila, kwetu, ambako taa zilikuwa zinawaka
ila meza hatuna, na pangaboi lilikufa tangu Ramadhani.
Nikakaa kitandani, nikakunja kanga mara nne,
nikampakata.

Aliyekipa kifaa hiki jina alijua.
Kitu cha kupakatwa kina joto la mwili.
Hukiweki chini ukaenda zako.
Saa tano usiku akaanza kuunguruma,
saa sita akaniunguza paja kupitia kanga,
kisha akanyamaza, akapunguza mwendo mwenyewe,
hatua, kituo, hatua, kituo,
asije akaungua.
Ndipo nikaelewa, nikiwa peke yangu, jasho likinitiririka:
mbio anazo.
Pumzi ndiyo hana.

Nikachukua kipepeo cha jikoni, nikawa nampepea.
Mama akaamka, akasimama mlangoni na tochi ya simu.
"Ana homa?"
"Anahesabu, mama."
"Anahesabu nini, na moto wote huo?"
"Mipaka ya watu."
Akaguna. Akapotea gizani,
nikasikia vyombo vikigongana,
akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, akaikunjua sakafuni.
"Mwenye homa hafunikwi.
Mweke hapo, upepo umpite chini."

Nikamweka. Meno ya mbuzi yakitazama ukuta,
machicha ya juzi yamekauka kwenye mbao.
Dakika tano, kumi. Ngurumo ikashuka.
Arobaini na moja. Arobaini na nne.
Mama alikwisha rudi kulala.

Sisemi alimfikia Meneja. Nisidanganye:
adhana ya alfajiri ilimkuta yuko themanini na sita,
na mimi nimelala na kipepeo mkononi.
Meneja angemaliza kabla ya isha.
Ila Meneja hakuwepo Mwakidila,
na wale wa Pongwe wanaogombea mfereji
hawakuniuliza ramani imeshonwa na nani.

Basi nimesaini, Mbelwa.
Kasi na iongezwe, siikatai,
lakini kifua kikiwa kilekile chembamba
utanunua mkimbiaji umfunge shuka puani.
Hayo sikuyaandika; nafasi ilikuwa ndogo.
Chini ya saini nimeongeza tu, kwa mkono:
*Na mbuzi.*

Sasa hivi amenijia na karatasi,
miwani kaipandisha kwenye paji la uso,
anataka kujua ni wa kuchinja au wa kufuga,
na wanaingia fungu gani la bajeti.