Mbuzi Hawanunui Vocha

Khorloo hupanda kilima chekundu, simu kifuani,
chini ya joho, chini ya ngozi ya kondoo,
maana betri, kama mtoto mchanga, haiwezi baridi.
Hatua mia tatu na kumi na mbili. Amezihesabu.
Kwenye jiwe lenye ufa
kijiti kimoja cha mtandao husimama.
Akisogea kushoto, kinakufa.

Mwaka jana walikuja wanaume wawili na gari
na kisanduku cha kupima hewa.
Mmoja, Aarno, alikunywa chai ya chumvi bila kukunja uso.
Mwenzake akafungua daftari: "Mko wangapi?"
"Kumi na mmoja, mpaka mlima ule wa buluu.
Na mbuzi mia nne na themanini."
Kalamu ikasita.
"Mama, mbuzi hawanunui vocha."

Yeye ndiye aliyecheka kwanza.
Kisha akaelezwa, polepole, kama asomewaye wosia:
mnara una bei, dizeli ina bei, barabara haipo,
na pesa za watu kumi na mmoja
hazijazi kiganja.

Aarno akasema kwao kaskazini pia watu ni haba,
misonobari imewazidi,
lakini simu hulia hata katikati ya ziwa lililoganda.
"Nani hulipa?"
Akatazama kikombe.
"Sote," akasema. "Tunazo."

Binti yake, Enkhzul, yuko Seoul.
Anakunja shuka za hoteli ghorofa tatu chini ya ardhi,
mahali ambapo jua halijafika
na mtandao umefika.
Kwenye treni watu hubanana bega kwa bega,
kila mmoja na sinema yake, haikwami.
Rokeya, anayeshika ncha ya pili ya shuka,
anasema Dhaka nako hubanana vivyo hivyo;
mnara uko juu ya paa lao,
na bado sauti ya mamake humjia vipande vipande,
mkate mmoja, midomo elfu.

Jana Enkhzul alipiga.
"Mama, nime—"

Nime nini?
Khorloo akabaki juu ya jiwe, mkono hewani.
Nimechoka? Nimepata? Nimeolewa?
Usiku kucha alikimalizia kitenzi kile,
kila mwisho ukamnyima usingizi kivyake.

Alfajiri akavaa viatu.
Moja. Mbili.