Sema Mimi

Nyemo ameshika simu, sekunde zinahesabika.
"Dakika mbili, dada. Tueleze siku uliyotatua mgogoro."
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, chumba cha uani, Nkuhungu,
koti la kuazima juu, kanga chini,
maana kamera haitaona magoti.

Naanza: Tulikuwa na kisima kule Manzase...
"Nani, tulikuwa?"
Kamati.
"Kamati haikuomba kazi. Sema mimi."

Bibi alituambia mimi-mimi ni kilio cha mbuzi
aliyefungwa peke yake.

Daftarini nimechora safu nne kwa rula:
Hali. Jukumu. Hatua. Matokeo.
Hali imejaa yenyewe: ukame, pampu moja, vitongoji viwili,
ng'ombe wamefika kabla ya jua,
wanawake wameshika madumu kama ngao.
Matokeo nayo yana takwimu: kaya mia mbili na kumi.
Hatua ndiyo nyeupe.
Nilifanya nini hasa?

Nilikaa.
Nilikaa ukingoni mwa birika la kunyweshea tangu alfajiri,
nikamuuliza Masinjisa ng'ombe wake wanaitwaje.
Alikuja na fimbo; akawataja mmoja mmoja,
alipofika kwa yule mwenye baka jeupe fimbo ilikuwa chini.
Aliyesema "wao usiku, sisi mchana" ni mama Chedego.
Mimi niliandika tu.

"Nilitumia stadi za usikilizaji makini,"
Nyemo anasoma kwenye karatasi ya mfano, anabana pua,
tunacheka hadi mwenye nyumba anagonga ukuta.

Ni Alhamisi, saa nne asubuhi, saa za Nairobi.
Ni zetu zilezile, lakini nimehakikisha mara tatu.
Nimenunua bando. Nimemwomba jirani asisage siku hiyo.
Upepo wa Agosti unapekua bati, vumbi linatua
juu ya vyeti nilivyovifuta jana.

"La mwisho. Tueleze uliposhindwa."

Pampu iliharibika Novemba.
Fedha za vipuri sikuziweka kwenye bajeti.
Niliambiwa, nikasema tutaona mwakani.
Wakarudi korongoni, kufukua mchanga kwa vibuyu.
Mimi.
Si kamati. Mimi.

Nyemo anaacha kumenya karanga.
Anatazama simu, hasemi kitu,
kisha anaigeuza nione:
sekunde ishirini na sita,
na neno lile limetoka lenyewe,
halikusukumwa na mtu.