Breki ya Baba

Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa buluu.
Mama aliinunua kwa ufuta wa misimu miwili,
udereva akajifunza uwanja wa shule, Mikindani,
akizunguka magoli asubuhi na jioni,
umri miaka hamsini na saba.

Leo ndiye dereva. Tunakwenda Nachingwea.
Baba kakaa kushoto: hana usukani, hana pedali,
ana kapeti la mpira na mguu wake wa kulia,
na kila kona tangu Mnazi Mmoja
analikanyaga kapeti kama mtu anayeua nge.

"Breki unayo wewe au ninayo mimi?"
Baba anageukia dirishani.
"Mimi natazama mbaazi."

Nyuma, bodini, sisi: mimi, kaka yangu Dadi,
Zamzamu wa shangazi Somoe,
magunia mawili ya chumvi, dumu la maji,
na jogoo ambaye hakuna aliyekiri ni wake.

Tunapita Mtama, hatuoni mtama.
Tunaona mihogo, mihogo, mikorosho,
mwanamume kafunga kitambaa puani
mashine ya salfa mgongoni inakoroma,
vumbi la njano likipanda matawini
na lingine likitufuata sisi, bila nauli.
Zamzamu anapiga chafya kumi na moja. Tumehesabu.

Ndanda tunashuka, tunakunywa maji ya mlimani,
Dadi anamimina ya dumu, anajaza mapya,
anasema ya Mtwara yalikuwa yamekwisha kuzeeka.

Masasi, yale majabali
yamekaa kama wakwe waliokataa chakula:
hayaondoki, hayasemi kilichowaudhi.

Halafu nchi inajinyoosha.
Lukuledi nyuma yetu, mbele hakuna kilima cha kusingizia,
ni ufuta uliokatwa, miganda imesimamishwa
vichwa pamoja, matako mbali,
kama wambea waliosikia gari linakuja.
Baba sasa anataja mashamba kwa wenyewe:
la Nangonga, aliyeoza binti kwa deni la viuatilifu;
la Bi Ajali, ekari nane, jembe la mkono, hana hata mmoja wa kumsaidia;
la Mchopa, usiliulize.
Sauti yake imelainika. Mguu bado unakanyaga.

"Simama," anasema. "Hapa."
Hapa hapana kitu. Nyasi, na tuta refu la udongo
linalokwenda moja kwa moja kama limetumwa.

Anavua viatu. Anapanda tuta. Anatembea juu yake
hatua fupi fupi, zilizolingana,
hatua za mtu anayepita juu ya mataruma.

"Reli ilipita hapa. Ya karanga.
Mzee wangu aliilaza, kutoka kule mpaka kule.
Karanga zikakataa.
Wakamwita tena, wakampa mtaimbo, akaing'oa."
Anasimama. "Kung'oa walilipa zaidi."

Hakuna aliyecheka. Hata Dadi.
Mama kashika funguo, anaisugua kwa kidole gumba,
anatazama lile tuta linavyokwenda
mpaka linapokuwa uzi, mpaka uzi unapokwisha.

"Sasa wewe," anasema, taratibu,
"kila nikishika usukani unaona naelekea kung'oka?"

Baba anatafuta kiatu cha pili nyasini.
Anakitafuta muda mrefu kuliko kilivyopotea.
"Endesha, mama Dadi," anasema. "Jua linakwenda."

Tukaondoka. Ng'ombe wakavuka, mama akashika breki,
breki yenyewe, ile ya chuma.
Shimo. Akalikwepa. Lori la magunia likatusukuma pembeni,
tairi mbili zikala majani, zikarudi barabarani.
Nilichungulia kwa kioo cha nyuma:
baba hajavaa viatu, miguu kaikunja juu ya kiti
kama mtu aliye barazani kwake,
udongo mwekundu umekauka vidoleni.

Ndipo jogoo akawika, saa kumi alasiri, kwa nguvu zake zote.
Mama akacheka, gari likayumba
na kapeti likabaki pale chini, peke yake.